Tiketi au pasi? Hesabu ya nauli ya treni kabla hujatoka nchini

Umeweka akiba kwenye simu kidogo kidogo, mwaka mzima. Visa imetoka, ndege imelipiwa, na sasa ndugu aliye huko unakoenda anakuambia, "Nunua pasi ya treni, utaokoa pesa nyingi." Rafiki mwingine aliyewahi kufika anasema usithubutu, ni kupoteza pesa. Nani yuko sahihi?

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja alisafiri kivyake. Pasi iliyomfaa huyu inaweza kukugharimu wewe maradufu. Katika somo hili tutakuonyesha jinsi ya kulijibu swali hilo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla hujaweka PIN. Tutaanzia hapa nyumbani, Syokimau, kisha twende Dubai, London, Ujerumani na Japani. Mwisho tutaangalia upande wa malipo, maana hapo ndipo wateja wengi huumia bila kujua.

Kwanza, maneno matatu

Tiketi ya safari moja: unalipia kutoka hapa hadi pale, basi. Ukitaka kurudi, unalipa tena.

Pasi: unalipa mara moja, unapanda unavyotaka kwa muda fulani. Inaweza kuwa siku moja, wiki au mwezi. Ielewe kama bando la data. Bando la siku ni rahisi ukilitumia, lakini ukilala nalo, saa sita ya usiku limeisha na hakuna wa kukurudishia. Pasi nayo ni vivyo hivyo. Unalipia uhuru wa kupanda, upande usipande.

Kikomo: hapa unalipa safari moja moja kwa kugusisha kadi, lakini mfumo unahesabu nyuma yako. Ukifikia kiasi fulani kwa siku au kwa wiki, unaacha kukatwa. Safari zinazofuata ni bure hadi muda huo uishe. Ni kama bando linalojinunua lenyewe pale tu unapolihitaji.

Shika maneno hayo matatu. Treni karibu zote utakazokutana nazo nje zinauzwa kwa mojawapo ya njia hizo, hata kama majina yake ni ya ajabu.

Somo la nyumbani: Syokimau

Treni ya Madaraka Express ya Nairobi hadi Mombasa ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Tangu Januari 1, 2024, nauli ya safari nzima ni Sh1,500 kwa daraja la kawaida na Sh4,500 kwa daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hivyo baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, daraja la kawaida, ni 1,500 mara mbili na 750 mara mbili. Jumla Sh4,500 kwenda, Sh9,000 kwenda na kurudi.

Lakini je, hiyo ndiyo gharama ya safari? Hapana. Ukiwa unaishi Kangemi, Kawangware au Uthiru, Syokimau si jirani. Unapanda matatu hadi mjini, kisha treni ya kuunganisha kutoka Stesheni Kuu kando ya Haile Selassie Avenue, au matatu nyingine ya Mombasa Road. Treni ya saa mbili asubuhi inamaanisha unatoka nyumbani gizani, na kama mna mizigo na watoto, pengine ni teksi. Ukifika Miritini, bado hujafika Mombasa mjini. Zidisha zote kwa watu wanne, kwenda na kurudi.

Safari hiyo moja ina mafunzo matatu ambayo yatakufaa popote duniani:

1. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya nauli. Hesabu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa unakokwenda.
2. Tiketi ina jina na nambari ya kitambulisho. Si ya kupeana. Kosa la herufi kwenye jina au tarakimu kwenye kitambulisho linaweza kukuzuia langoni.
3. Tiketi ni ya tarehe na saa fulani. Msongamano wa Waiyaki Way si sababu ya treni kukusubiri.

Linganisha na treni ya abiria inayotoka mjini kupitia Kibera na Dagoretti hadi Kikuyu. Hapo unalipa, unapanda, hakuna kiti chenye jina lako. Hizo ni aina mbili za treni, na nje ya nchi utazikuta zote mbili: treni ya masafa marefu inayotaka ubuku mapema, na treni ya mjini unayopanda wakati wowote. Kosa kubwa la wageni ni kununua pasi ya aina moja wakidhani inafanya kazi kwa nyingine.

Kanuni ya hesabu

Kabla ya kununua pasi yoyote, fanya mambo manne:

Andika safari zako zote, siku kwa siku. Si zile unazoota, ni zile utakazofanya kweli.
Tafuta bei ya kila safari ikinunuliwa peke yake.
Jumlisha.
Linganisha jumla hiyo na bei ya pasi, pamoja na ada zozote za ziada.

Ukitaka njia ya mkato: gawanya bei ya pasi kwa bei ya safari moja. Jibu ndilo idadi ya safari unazohitaji kufanya kabla pasi haijaanza kukulipa. Tuijaribu.

Dubai: siku moja tofauti na nyingine

Wafanyabiashara wengi wa Luthuli Avenue na maduka ya jirani mjini wanaijua Deira vizuri. Metro ya Dubai, iliyofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, hulipiwa kwa kadi inayoitwa Nol. Ukiwa na Nol ya fedha, nauli ya daraja la kawaida ni dirham 3 ndani ya zoni moja, dirham 5 kati ya zoni mbili jirani, na dirham 7.5 ukivuka zaidi ya zoni mbili. Pasi ya siku moja ni dirham 20.

Sasa hesabu. Dirham 20 ukigawanya kwa 7.5 unapata kama 2.7. Yaani ukifanya safari tatu ndefu kwa siku moja, pasi inakulipa: 22.5 dhidi ya 20. Faida ni dirham 2.5, karibu Sh88 ukihesabu shilingi 35 kwa dirham. Lakini mtu aliyefikia Deira na ambaye kazi yake iko Deira hiyohiyo anafanya safari fupi. Mbili za dirham 3 na mbili za dirham 5 ni dirham 16. Huyo akinunua pasi amepoteza dirham 4.

Kuna pia tiketi nyekundu ya karatasi, ambayo kila safari ni dirham moja zaidi ya kadi ya fedha. Kadi ya fedha inauzwa dirham 25, na ndani yake kuna salio la dirham 19. Kwa hivyo kadi yenyewe imekugharimu dirham 6. Ukifanya safari sita, tofauti hiyo imerudi. Kama uko Dubai kwa saa chache tu ukisubiri ndege, karatasi inatosha. Kama ni wiki, chukua kadi.

Jambo moja la kuangalia: treni hiyo ina behewa la daraja la dhahabu lenye nauli ya juu, na sehemu ya wanawake na watoto. Ukiingia daraja la dhahabu na kadi ya fedha, ni faini. Kula na kunywa ndani pia ni faini. Soma alama zilizoandikwa sakafuni na mlangoni kabla ya kuingia.

London: jua wiki yako inaanza lini

London ndiyo mji wa kikomo. Unagusisha kadi ya benki isiyohitaji PIN, simu, au kadi ya Oyster, na mfumo unahesabu. Kwa mwaka 2025, kikomo cha siku kwa zoni ya 1 na 2, ambako vivutio vingi viko, kilikuwa pauni 8.90. Kikomo cha wiki kilikuwa pauni 44.70. Pasi ya siku saba kwa zoni hizohizo ilikuwa bei ileile, pauni 44.70.

Kama bei ni ileile, kuna tofauti gani? Iko kwenye siku. Kikomo cha wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Pasi ya siku saba huanza siku yoyote unayotaka.

Chukua mfano wa mzazi anayetoka Lavington kwenda kumwona binti yake, akifika London Alhamisi na kuondoka Jumatano inayofuata. Tuseme anazunguka sana na anafikia kikomo kila siku. Alhamisi hadi Jumapili ni siku nne: 8.90 mara nne ni pauni 35.60. Bado hajafikia 44.70. Jumatatu hesabu inaanza upya. Jumatatu hadi Jumatano ni siku tatu: pauni 26.70. Jumla pauni 62.30. Angenunua pasi ya siku saba angelipa 44.70. Tofauti ni pauni 17.60. Hata ukitoa bei ya kadi ya Oyster ya kuwekea pasi hiyo, pesa isiyorudishwa, bado anabaki na faida.

Mzazi huyohuyo angefika Jumatatu na kuondoka Jumapili, hangehitaji pasi hata kidogo. Angegusisha tu, na kikomo kingemfanyia kazi. Siku tano kamili ni pauni 44.50, siku ya sita angekatwa peni 20 tu, na ya saba bure.

Na kama hazunguki sana? Safari ya zoni ya 1 hadi 2 nje ya saa za msongamano ilikuwa karibu pauni 3. Safari mbili kwa siku, siku saba, ni karibu pauni 42. Hajafikia bei ya pasi. Kwake pasi ni hasara.

Mambo matatu ya kukumbuka London:

Tumia kifaa kimoja. Ukigusisha kadi asubuhi na simu jioni, hata kama zote zinatoa pesa akaunti moja, mfumo unaona watu wawili. Kila mmoja anaanza kuhesabiwa kikomo chake.
Kwenye treni gusisha ukiingia na ukitoka. Kwenye basi, ukiingia tu. Usipogusisha kutoka, unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa. Ukikamatwa bila nauli halali, faini ni pauni 100, zaidi ya Sh16,000, ingawa hupungua nusu ukilipa ndani ya siku 21.
Uwanja wa Heathrow uko zoni ya 6, kwa hivyo safari ya kutoka huko haimo kwenye kikomo cha zoni 1 na 2. Treni ya Heathrow Express huenda haraka lakini kwa kawaida ni ghali zaidi kuliko Piccadilly au Elizabeth line, ambazo zinafika mjini pia.

Ukitoka London kwenda miji mingine ya Uingereza, hapo si kikomo tena, ni tiketi. Advance ndiyo ya bei nafuu lakini ni ya treni moja tu, saa moja tu, ikikuacha imekuacha. Off-Peak hukuruhusu kupanda treni tofauti nje ya saa za msongamano. Anytime ni saa yoyote, na bei yake inaonyesha hivyo. Mtu wa miaka 60 au zaidi, hata mgeni, anaweza kununua Senior Railcard, kadi ya punguzo la theluthi moja. Tangu Machi 2025 bei yake ni pauni 35 kwa mwaka. Piga hesabu: theluthi ya pauni 105 ni 35. Kama tiketi zako zote zitazidi pauni 105, kadi inalipa. Kama unakwenda Birmingham mara moja tu na kurudi kwa pauni 60, utapata punguzo la 20 baada ya kulipa 35. Achana nayo.

Ujerumani na Ulaya: pasi inayojilipisha yenyewe

Ujerumani ina pasi maarufu, Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Inakubeba kwenye mabasi, treni za mjini na treni za mkoa kote nchini. Haikubebi kwenye treni za kasi za ICE wala IC za masafa marefu. Ukikutwa ndani ya treni isiyohusika, unahesabiwa huna tiketi. Kwenye usafiri wa mjini, kupanda bila tiketi halali ni faini ya yuro 60, karibu Sh9,000.

Kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza: pasi hii hufuata mwezi wa kalenda. Ukikaa Ujerumani kuanzia Juni 20 hadi Julai 4, hizo ni wiki mbili tu, lakini zimegusa miezi miwili. Unaweza kujikuta umelipa yuro 126.

Wa pili ni mkubwa zaidi: si tiketi ya kununua mara moja, ni usajili unaojirudia. Usipoufuta, mwezi ujao unakatwa tena, hata kama umesharudi Kangemi. Kwa utaratibu wa kawaida, ni lazima ufute kabla ya tarehe 10 ili ukome mwisho wa mwezi huo. Ukinunua, weka kikumbusho kwenye simu siku hiyohiyo.

Kwa anayetaka kuzunguka nchi kadhaa, kuna Eurail na Interrail. Watu huzichanganya. Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya, kama wewe wa Nairobi. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, kama kaka yako anayeishi Berlin. Hawezi kukununulia yake, na wewe huwezi kutumia yake. Kinachoangaliwa ni unaishi wapi, na pasi inakwenda na jina na paspoti. Watoto wa miaka 4 hadi 11 hupata pasi ya bure wakiandamana na mtu mzima, hadi watoto wawili kwa kila mtu mzima. Kwa familia, hilo linaweza kubadilisha hesabu yote.

Lakini soma maandishi madogo. Treni nyingi za kasi za Ufaransa, Uhispania na Italia zinataka ulipie kiti juu ya pasi. Pasi inalipia haki ya kusafiri. Kiti kinalipiwa kando. Ukiwa na safari nne kama hizo, ongeza ada nne kwenye jumla yako kabla ya kulinganisha. Na Italia, ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, ipige muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Tiketi uliyolipia lakini hukupiga muhuri inaweza kukuletea faini.

Japani: ushauri wa zamani hugharimu

Kwa miaka mingi kila aliyekwenda Japani aliambiwa, "Usikose Japan Rail Pass." Ulikuwa ushauri mzuri. Pasi ya siku saba ya kawaida ilikuwa yeni 29,650, na safari ya Tokyo hadi Kyoto na kurudi ni karibu yeni 28,000. Ukiongeza safari moja nyingine, pasi imekulipa.

Oktoba 2023 pasi hiyo ilipanda hadi yeni 50,000. Sasa Tokyo, Kyoto na kurudi haifikii hata karibu. Mgeni wa mpango huo anayenunua pasi kwa sababu ya video ya zamani anapoteza zaidi ya yeni 20,000. Video haikudanganya, iliachwa na wakati. Kwa hivyo hata bei tulizoandika hapa, zitazame upya kwenye tovuti rasmi ya kampuni ya reli siku unayonunua. Hesabu ndiyo haibadiliki.

Upande wa malipo

Sasa tuje kwenye simu yako.

Kadi ya mtandaoni. Huduma nyingi za pesa kwa simu nchini zinaweza kukupa kadi ya kununua vitu kwenye tovuti za nje. Inafaa kubuku tiketi na pasi ukiwa bado nyumbani. Lakini kadi ya mtandaoni tu haigusishwi kwenye geti la stesheni. Usifike London ukitegemea hiyo pekee. Beba kadi ya benki ya kugusisha, au pesa taslimu kidogo ya kununulia kadi ya usafiri.

Kiwango cha kubadilisha fedha. Bei ya tiketi ni yuro 63, lakini wewe unakatwa shilingi. Angalia kiwango na ada kabla ya kukubali. Ukiwa nje na mashine ikakuuliza, "Ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa fedha za hapa?" chagua fedha za hapo. Kiwango cha mashine mara nyingi ni kibaya zaidi kuliko cha kadi yako.

Laini yako ya Kenya. Nambari ya siri ya kuthibitisha malipo huja kwa SMS kwenye laini yako. Ukiiacha nyumbani, au ukasahau kuwasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi, malipo yatakwama. Iwashe na uijaribu kabla hujaenda uwanja wa ndege.

Kurudishiwa pesa. Treni ikifutwa, pesa kwa kawaida hurudi kwenye kadi ileile uliyolipia. Usiifunge kadi hiyo hadi safari iishe na marejesho yote yaingie.

Visa kwanza. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla visa haijatoka. Balozi huweza kuchelewa au kukataa, na kampuni ya reli haihusiki na hilo. Ukilazimika kuonyesha mpango wa safari, tafuta tiketi inayoweza kufutwa.

Betri. Tiketi ikiwa kwenye simu, simu ikizima huna tiketi. Beba chaja ya kutembea nayo. Usitegemee picha ya skrini pia. Si kila mkaguzi anaikubali.

Matapeli. Tiketi za Madaraka Express wakati wa Krismasi au Pasaka huisha haraka, na hapo ndipo huibuka mtu mtandaoni mwenye "nafasi mbili zimebaki", anayetaka utume pesa kwa nambari yake binafsi. Kumbuka tiketi ina jina na kitambulisho. Hata kama ni ya kweli, si yako. Nunua kupitia njia rasmi pekee, soma jina la biashara linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na usimtajie mtu yeyote PIN wala nambari ya siri ya SMS, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuulizi.

Zoezi

Unakaa Dubai siku tatu. Una Nol ya fedha. Siku ya kwanza unafanya safari mbili za dirham 3. Siku ya pili unatembea: safari nne za dirham 7.5. Siku ya tatu, safari mbili za dirham 5. Je, ununue pasi ya siku kwa siku zote tatu, usinunue kabisa, au ufanye vipi?

Jaribu kwanza, kisha usome jibu.

Jibu: Bila pasi ni 6, na 30, na 10, jumla dirham 46. Pasi siku zote tatu ni dirham 60. Pasi siku ya pili pekee: 6, na 20, na 10, jumla dirham 36. Umeokoa dirham 10 ukilinganisha na kulipa safari moja moja, na dirham 24 ukilinganisha na pasi kila siku. Dirham 24 ni zaidi ya Sh800.

Ukipata jibu hilo, uko tayari. Kabla ya safari yako ijayo, iwe ni Mombasa au Munich, fungua ukurasa kwenye simu, andika safari zako siku kwa siku, weka bei mbele ya kila moja, na ulinganishe na pasi. Ukiwa na jumla mbili mbele yako, ndipo uweke PIN.